Mzee Niliyempigia Honi

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa.

Baba,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake ni hii hapa, umpe kabla hujaendelea kusoma, maana namjua, atakuuliza kama nimemkumbuka. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini kifua chako kimetulia wakati huu baridi ya Tlawi inapoanza, na kwamba unalivaa lile koti nililokutumia badala ya kulitundika ukutani lionwe na wageni. Mvua ilitosha? Maharage mmeshavuna? Yule ndama wa Kaka Danieli aliyezaliwa na mguu dhaifu, alisimama? Maswali ni mengi, nisamehe. Huku hakuna wa kumuuliza ambaye anajua hata Tlawi iko upande gani. Nikisema natoka Manyara wananiuliza habari za ziwa na twiga. Mkoa wetu bado mgeni masikioni mwa watu, kwa hiyo siku nikichoka nasema Arusha, yaishe.

Kuhusu lile swali la Mama la kila barua, jibu bado ni lile lile. Asiende kuposa popote kwa niaba yangu.

Baba, barua hii nimeianza tangu Alhamisi na kuichana mara tatu. Nina ombi. Nataka ushuke Katesh, uende Jorodom kwa mzee mmoja aitwaye Gidahoda, ukamwambie jambo ambalo mimi nimeshindwa kumwambia. Nikiishia hapo utadhani jiji limeniharibu akili, kumtuma baba mzazi kama mjumbe. Ndiyo maana naeleza yote tangu mwanzo. Vaa miwani, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike kama kuna haja.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu nimesikia kwamba pale kigangoni umewaambia watu naendesha lori. Siendeshi lori. Naendesha foklifti. Ni gari fupi, zito, na mbele lina meno mawili marefu ya chuma. Meno hayo yanaingia chini ya paleti, yaani kitanda cha mbao kinachopangwa mizigo juu yake, yanaunyanyua mzigo wa magunia ishirini kwa mpigo mmoja na kuupandisha mpaka karibu na bati. Wazee wa hapa wanasema ghala hili zamani lilikuwa la shirika la umma na kila kitu kilibebwa kwa mabega. Tangu liuzwe kwa mtu binafsi, mashine sita zimeingia na mabega mengi yametoka. Mimi niliingia kama kibarua wa magunia, nikachaguliwa kufundishwa mashine, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura, msimamizi wa usalama. Ni mama wa Tanga, mfupi, anaongea polepole na hakuna mwanamume anayemjibu mara mbili. Nilidhani nitafundishwa kuendesha. Wiki mbili za kwanza alinifundisha kusimama. Mzigo haunyanyuliwi wakati unatembea, unabaki chini, upana wa kiganja kutoka sakafuni. Mzigo ukikuziba macho, unaendesha kinyumenyume huku umegeuza shingo. Kwenye kona unapiga honi hata kama unajua hakuna mtu. Mtu akiwa mbele yako unapiga honi, unasimama, unabaki kwenye kiti na mkanda wako kiunoni, na huondoki mpaka amepisha na macho yenu yamekutana. Ukitaka kushuka, meno yaguse sakafu kwanza, gia iwe huru, breki ya mkono, zima, chomoa ufunguo, ndipo ufungue mkanda. Aliyarudia maneno hayo mpaka nikawa nayasema usingizini.

Niliyashika yote. Ungeniona ungejisifu, kwa sababu mwanao alikuwa dereva safi.

Sasa huyo mzee. Mwaka juzi aliletwa mlinzi mpya wa mchana getini. Alikuwa mrefu, mkavu, shuka begani, fimbo mkononi. Vijana wote wakamwita Masai, naye akachoka kuwasahihisha. Mimi niliposikia anavyotamka Kiswahili nilijua anakotoka. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamuuliza, "Baba, wewe si mtu wa Hanang?"

"Jorodom," akasema. "Na wewe ni wa kule juu kwenye ukungu. Watu wa kulima mpaka kwenye mawe."

Nilicheka, Baba, halafu nikaona aibu kwa sababu machozi yalikuja pamoja na kicheko. Ilikuwa miaka mitatu sijasikia mtu akinitania kwa mambo ya nyumbani.

Mzee Gidahoda ni Mbarabaig, mfugaji. Najua huko tungepishana naye mnadani kila mtu na ng'ombe wake, na huenda ungeniambia nisikae sana na watu wale. Huku alikuwa ndugu yangu wa pekee. Ng'ombe wake walianza kupungua malisho yalipogeuka mashamba makubwa ya ngano, ukame ukamaliza waliobaki, mpwa wake akamleta mjini kulinda mali za watu. Lugha yetu anaijua ya kutosha kunisema vibaya nisipate jibu. Mchana tulikaa pamoja juu ya paleti tupu nyuma ya kibanda cha geti, tukila, tukibishana kama leo Mlima Hanang umefunikwa na wingu au uko wazi. Kila siku, watu wawili wazima tuliokaa Dar es Salaam, tunagombana kwa ajili ya wingu! Yeye ndiye alikuwa akishinda, maana alidai magoti yake yanamwambia.

Kazi yake nyingine ilikuwa kupeleka karatasi za magari kutoka getini hadi ofisi ya stoo, upande wa mwisho wa ghala. Watu wa miguu wamechorewa njia ya rangi ya njano kando ya ukuta. Mzee aliona upuuzi kuzunguka ukuta wakati njia iliyonyooka ipo katikati. Akawa anakatiza kwenye njia ya mashine.

Siku ya kwanza alipokatiza mbele yangu nilikuwa na paleti ya sukari. Sheria inasema piga honi. Mkono wangu ulifika kwenye honi, Baba, ukakataa.

Unakumbuka ule mwaka nilipomaliza darasa la saba, ulinituma kijiji cha Daudi kwa baiskeli yako? Wakati wa kurudi nilimpita Mzee Tluway kwenye mteremko, nikasema shikamoo huku baiskeli inateremka. Nilikuwa sijafika nyumbani habari zimeshafika. Hukunichapa. Ulivaa viatu, ukaniambia tuondoke, nikaisukuma baiskeli ile kwa miguu njia nzima mpaka mlangoni pake, nikainama na kumwamkia upya huku wewe umesimama nyuma yangu. Wakati wa kurudi ulisema neno moja tu, kwamba mtu akimsalimia mzee akiwa ameketi juu ya chombo, aliyesalimia ni chombo, si yeye. Nilikuwa na hasira nawe wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kumsalimia mzee nikiwa juu ya kitu.

Basi nikasimamisha foklifti. Nikashusha meno, nikaweka gia huru, breki, nikazima, nikachomoa ufunguo, nikafungua mkanda, nikashuka. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Akanyoosha mkono, nikaushika kwa mikono yangu miwili, akaniuliza nimeamkaje, akapita zake. Nikapanda, nikaendelea na kazi. Ikawa hivyo kila siku, mara mbili au tatu kwa siku, mwaka na nusu. Vijana walinicheka, wakasema Mmbulu anamwabudu Masai. Bi Zuhura aliona na hakuwa na la kukemea, kwa sababu nilishuka kwa utaratibu wote. Siku moja hata alinitolea mfano mbele ya wengine, kwamba hivi ndivyo mtu anavyoacha mashine.

Sikujua nafanya nini. Naomba uliamini hilo kwanza.

Hii ni wiki ya nane tangu jambo litokee. Ilikuwa asubuhi, mimi nikiwa nje kwenye malori. Ndani alikuwa Rama, dereva mwenzangu, mtu wa Dodoma, baba wa watoto wawili, mwangalifu kunizidi mimi. Alikuwa na paleti ya mafuta ya kula iliyomziba mbele, kwa hiyo alikuwa anakuja kinyumenyume kama inavyotakiwa, anapiga honi kama inavyotakiwa. Mzee Gidahoda akatokea kati ya mirundo na karatasi yake. Rama akapiga honi tena, akapunguza mwendo, akijua kwamba mtu akisikia honi anapisha. Mzee hakupisha. Alisimama katikati ya njia akanyoosha mkono.

Walioona wanasema alisimama ametulia kabisa, mkono mbele, anasubiri salamu.

Rama alikanyaga breki. Mashine ile ikiwa na mzigo ni nzito na sakafu ilikuwa na utelezi wa mafuta. Gurudumu la nyuma lilipanda juu ya mguu wa kulia wa mzee. Nilisikia kelele nikakimbia ndani, nikamkuta amekaa sakafuni, anautazama mguu kama si wake. Rama alikuwa ametapika pembeni. Tulimbeba mzee wetu mimi na wengine watatu, na karatasi ya gari ilikuwa bado mkononi mwake.

Hospitali walisema mifupa ya kifundo imevunjika na hata ikiunga hatatembea sawasawa. Nilimwona jioni hiyo hiyo. Alinishika mkono akaniambia, bila hasira, kama mtu anayeshangaa, "Fabiano, yule mwenzako hakushuka."

Nikamuuliza, "Baba, honi hukuisikia?"

"Niliisikia. Nilijua ni ya watu wengine."

Nilitoka wodini nikakaa kwenye ngazi za nje. Baba, ni mimi niliyemvunja mguu yule mzee. Nilimvunja polepole, kwa mwaka na nusu, kila siku nilipokuwa nashuka. Watu wote ghalani wanaiogopa ile mashine, na hofu hiyo ndiyo inayowarudisha nyumbani na miguu yao. Yeye niliiondoa hofu yake mimi mwenyewe, kwa heshima zote, na ufunguo mkononi.

Rama alisimamishwa kazi siku ya pili, wakasema uchunguzi ukiisha atafukuzwa. Sasa nakuambia ninachokionea aibu kuliko vyote. Nilijua, na nilinyamaza siku nne. Nilijiambia kwamba mimi sikuwepo, kwamba sikukanyaga sheria hata moja, kwamba nikisema nitanyang'anywa mashine na hakuna atakayepona kwa hilo. Kila asubuhi Rama alikuwa amesimama nje ya geti kwa matumaini ya kuitwa, ananiamkia, ananiuliza hali ya mzee. Siku ya tano alinipa maembe mawili nimpelekee hospitali, kwa sababu yeye alikuwa anaogopa kwenda. Niliyachukua yale maembe, nikaingia nayo moja kwa moja ofisini kwa Bi Zuhura, nikayaweka mezani na kusema yote, kuanzia baiskeli yako.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fabiano, adabu yako sina ugomvi nayo. Lakini umemfundisha mzee wa watu kwamba foklifti ikimwona inasimama. Umemfundisha wewe, mtihani akaufanyia kwa Rama."

Niliyachukua maembe, nikayapeleka hospitali jioni ile.

Rama alirudishwa. Mimi nilitolewa kwenye mashine nikarudi kwenye magunia. Siku ya kwanza Rama alinifuata akasema, "Mmbulu, usingesema, nani angejua?" Nikamwambia hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Amekuwa mwema kwangu tangu hapo. Lakini hatuna la kuzungumza zaidi ya kazi na mpira, na mpira mimi siujui.

Nimekuwa mpweke, Baba. Naandika neno hilo wazi kwa sababu hujaniuliza na najua hutaniuliza. Mchana nakaa juu ya paleti zile zile nyuma ya kibanda, nakula haraka, naondoka. Kuna siku nilijikuta nasema kwa sauti, kwa lugha yetu, kwamba leo mlima uko wazi. Hakuna aliyebisha. Mlinzi mpya alichungulia akaniuliza kama naongea na simu.

Jumapili nilikuwa naenda kumwona mzee kwa mpwa wake, Gongo la Mboto. Mara ya pili nilijipa moyo nikamwambia, "Baba, kosa ni langu, nilikuzoesha vibaya." Alinitazama kama nimetukana. "Wewe? Wewe ndiye pekee uliyekuwa unashuka." Nikajaribu tena kumweleza, akaanza kuniuliza habari za ng'ombe wako. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mzee mgonjwa. Niliacha.

Sasa nafika kwenye Alhamisi.

Bi Zuhura aliniita wiki iliyopita akasema mashine moja haina dereva, naweza kurudi, kwa sharti moja. Nifanye mtihani mbele ya wote. Nipite njia nzima na mzigo kinyumenyume, na katikati atamwingiza Mzee Saidi, mfagiaji wetu mwenye mvi kichwa kizima, akatize mbele yangu. Nipige honi, nisimame, nikae kwenye kiti changu mpaka apishe, niendelee. "Ukishuka," akasema, "unarudi kwenye magunia na sitakuita tena." Nilimwambia nitaweza. Usiku ule niliufanyia mazoezi mkono wangu kitandani, kubonyeza hewa, kama mwendawazimu.

Tangu ajali kuna amri mpya. Dereva anavaa kofia ngumu, miwani mikubwa ya plastiki, na kitambaa cha kuziba pua na mdomo kwa ajili ya vumbi la mbolea. Ukituona hutujui nani ni nani.

Nilianza vizuri. Nilipinda kona ya kwanza, nikapiga honi, shingo nimeigeuza nyuma. Mzee Saidi alikuwa amesimama tayari na fagio lake kando ya mirundo, anangoja kuambiwa apite. Mara nikaona mtu anatokea upande wa geti, katikati kabisa ya njia. Alikuwa kwenye magongo.

Alikuwa Mzee Gidahoda. Mpwa wake alikuwa amemleta kuchukua vitu vyake vilivyobaki kibandani, maana Ijumaa walikuwa wanapanda basi la kurudi nyumbani moja kwa moja. Aliingia ndani kunitafuta aniage. Akapita palepale alipozoea kupita.

Nilisimama mbali naye, urefu wa mashine tatu hivi. Bi Zuhura aliinua mkono kuwazuia watu wengine, akanitazama. Mzee naye alisimama. Akaegemeza gongo moja kwapani, akanyoosha mkono.

Baba, mguu wangu wa kushoto ulikwisha sogea. Kidole kilikuwa kwenye mkanda. Nilifikiri, mzee huyu anaondoka kesho, hatakanyaga tena ghala maishani mwake, nikishuka leo nani ataumia? Kisha nikamwona Mzee Saidi na fagio lake anatazama. Vibarua wapya wanatazama, na baadhi yao ni wazee. Nikajua nikishuka nitakuwa nafundisha tena.

Nikapiga honi.

Hakusogea. Mkono wake ulikuwa umebaki vilevile mbele. Nikapiga tena, ndefu, nikaikalia ile honi mpaka ikanikereketa mwenyewe. Mkono ukashuka. Aliitazama mashine, akaitazama kofia yangu na miwani yangu, akageuka. Aliifuata njia ya njano kando ya ukuta, hatua moja, gongo, hatua moja, gongo, mpaka mpwa wake alipokuja mbio kumshika. Nilikaa kwenye kiti mpaka amepisha, kama sheria inavyosema. Kitu kimoja sikukitimiza. Macho yetu hayakukutana.

Nilimaliza mtihani. Nilipanga paleti mbili juu, nikaegesha, nikashusha meno, nikafanya yote kwa mpangilio mpaka kuchomoa ufunguo. Bi Zuhura alisema nimefaulu. Nilimwambia yule hakuwa sehemu ya mtihani. Akasema, "Najua," akanishika bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu.

Nilikimbia getini. Gari lao lilikuwa limeondoka. Mlinzi mpya akanipa maagizo aliyoachiwa. "Mzee amekusubiri hujaonekana. Anasema ubaki salama, usisahau kwenu. Na nikuambie kwamba tangu wakutoe kwenye mashine, zimeshikwa na watu wasio na adabu."

Nilicheka mbele ya mlinzi. Nilipofika chooni sikucheka.

Kwa hiyo yuko njiani au ameshafika, Baba, na huko anakokwenda atawasimulia watu kwamba alikuwepo kijana mmoja wa Tlawi aliyekuwa anashuka, na kwamba siku ya mwisho shetani mmoja mwenye miwani alimfukuza kwa honi kama mbuzi. Ningeweza kuacha iwe hivyo. Jina langu lingebaki zuri Jorodom, na lako pamoja nalo. Nimejaribu kuacha siku tatu hizi, sikuweza. Kumwandikia siwezi, barua atasomewa na mpwa wake mbele ya watu, na si haki mzee apate habari ya namna hiyo sebuleni. Mimi mwenyewe sitapata ruhusa kabla ya Krismasi. Na kwa desturi yetu unajua kosa la mtoto hupelekwa na baba yake.

Sikulaumu kwa ile siku ya baiskeli. Ulinifundisha vizuri, mimi ndiye niliyeyachukua mafundisho yako na kuyapeleka mahali pasipo pake. Lakini kesho Jumatatu narudi kwenye mashine, na nitampigia honi kila mzee atakayekatiza mbele yangu, hata angekuwa wewe. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, si kwa watu.

Nisalimie Mama tena, na Kaka Danieli na mifugo yake, na Dada Yuliana kule Daudi alikoolewa, mwambie picha ya mtoto niliipata na nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Shangazi asiache dawa zake. Kwaya ya kigango wanisamehe, nyimbo nimeanza kuzisahau.

Ukienda Jorodom usiende mikono mitupu, mchukulie asali kidogo ya kwetu, mkae muongee habari za mvua na mifugo kwanza. Mwamkie kwa niaba yangu ile salamu aliyoisubiri. Kisha mwambie aliyempigia honi ni Fabiano. Mwambie nilikuwa nimemtambua tangu alipotokea getini, na kwamba niliipiga ile ya pili ndefu kwa sababu nilimwona hapishi. Akikuuliza kwa nini sikushuka, mweleze wewe, Baba, kwa maneno ya mzee kwa mzee, maana mimi maneno yangu yote nimeyamaliza hapa.

Akikataa kunisamehe, uniandikie hivyo hivyo. Usinifiche.

Mwanao,
Fabiano